Kanta, Maji ya Mchele na Kilemba cha Leokadia

Wasichana mnaokuja kunitembelea kutoka kwenye saluni zenu zenye vioo ukuta mzima huwa mna swali moja. Mteja kapakwa rangi, kapendeza, baada ya wiki mbili nywele zimepauka kama nyasi za paa. Bibi, tufanyeje zing'ae? Mnauliza huku mnatafuna bazoka, mguu juu ya mguu. Mimi swali hilo nililijibu kwa hofu, na aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa anaogopa kunizidi. Kwa hiyo jibu langu ni refu. Kaeni vizuri.

Kwanza mjue mnazungumza na nani. Hicho kilichomo kwenye fremu ukutani siyo picha, ni diploma. Ina jina langu lote, ina muhuri mwekundu, na sahihi ya bibi mmoja wa Kigoa aliyekuwa na saluni na darasa la jioni kule Nairobi. Niliingia kwake nikiwa mfagiaji nisiyejua kushika kitana cha Kizungu. Nikatoka nikiwa fundi ambaye wateja walikubali kumsubiri hata kama mafundi wengine wawili wamekaa bure. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala padri aliyeniandikia barua. Katika bonde zima la Kilombero, toka Mang'ula mpaka Mlimba, hakukuwa na mwingine mwenye karatasi kama hiyo, na kama alikuwepo basi alijificha sana.

Nairobi ilipogeuka kuwa mji wa misako na vitambulisho, nikafunga mizigo. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Diploma niliipakata kwenye lori tangu Morogoro kama mtoto mgonjwa. Kwenye kivuko cha Ruaha utingo aliniambia niiweke chini pamoja na magunia. Nikamwambia atangulie yeye kukaa na magunia, tuone kama atafika mzima.

Ifakara wakanipa jina, Bi Cheti. Lilikuwa jina la kejeli, lakini nililivaa kama kofia. Nikapanga chumba kando ya soko, nikapaka chokaa, nikaweka kiti, kioo na mabeseni mawili. Na nusura nifunge duka kabla halijapata wateja kumi.

Mke wa mwalimu mmoja alikuja kupunguzwa nywele. Nilipomaliza nikafagia sakafu kama nilivyozoea Nairobi, nikatupa uchafu wote kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Yule mama aliinuka kitini, akanifuata mpaka shimoni, akapiga magoti kwenye maganda ya ndizi na kuanza kuokota nywele zake, moja moja, midomo imemkauka. Sikuhitaji kuuliza. Nimezaliwa bonde hili. Unywele uliotoka kichwani mwako bado ni wewe, na mwenye nia mbaya anahitaji chembe tu. Nairobi ilikuwa imenisahaulisha. Habari ilizunguka soko kabla ya jua kuzama, na kwa muda mrefu sikupata mteja hata wa kuniuliza bei.

Tangu siku hiyo kila mteja nilimtandikia karatasi yake chini ya kiti. Nywele zake nilizifunga na kumkabidhi mkononi, hata kabla hajajitazama kwenye kioo. Hili liwekeni akilini: mteja akiogopa, usimcheke. Mwondolee kinachomwogopesha, ndipo umguse kichwa.

Sasa nije kwa Leokadia.

Alikuwa mjane wa umri wa miaka hamsini hivi, mkulima wa mpunga wa Lipangalala, na nilipokuwa mtoto ndiye aliyenifundisha katekisimu. Aliingia saa ya jua kali, soko limetulia, tena kwa mlango wa nyuma. Nikamwamkia, shikamoo mama. Aliitikia bila kukaa. Akavua kilemba. Mvi zilikuwa zimejaa mbele kama pamba iliyopasuka kwenye tumba lake.

"Unaweza kuziondoa?" akaniuliza.

"Mvi haziondoki, mama. Zinafichwa."

"Basi zifiche, mwanangu. Zifiche upesi."

Ndipo akanieleza. Masika yaliyopita, shemeji yake Desderi, mdogo wa marehemu mumewe, alifiwa na watoto wawili kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Leokadia alikuwa ameishi miaka mingi akikausha samaki, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Macho mekundu, kichwa cheupe, mjane, na anaishi uani kwa watu waliofiwa. Mke wa Desderi, aliyeitwa Gaudensia, hakusema neno lolote waziwazi. Alianza tu kuwaita watoto waliobaki ndani kila Leokadia anapopita.

Ninyi wa leo huenda hamjui vizuri jambo lililokuwa linafuata, au mnalijua na mnanyamaza. Maji ya bonde yakipungua baada ya mavuno, ukoo wenye mashaka ulifunga safari kuvuka mto kwenda kwa mganga anayenyoa. Mshukiwa anapelekwa, ananyolewa kichwa chote, anapewa dawa, anarudi. Wanasema amesafishwa, hawezi tena kudhuru. Lakini alirudi na kichwa cheupe kinachong'aa juani, na kila aliyemwona alijua ametoka wapi. Wengine nyumba zao zilishika moto, na hakuna aliyejua moto umetoka wapi.

"Wakininyoa," Leokadia akasema, "nywele zitaota. Mimi sitaota tena."

Siku hizo hatukuwa na rangi za kwenye maboksi yenye picha za wanawake wanaocheka. Tulikuwa na kanta, unga mweusi wa kwenye pakiti ndogo uliouzwa kwenye maduka ya Wahindi. Unaukoroga na maji, unapaka, unasubiri, unaosha. Kanta inatisha. Nilipokuwa Nairobi nilimwona mama mmoja aliyepakwa na fundi mwenye haraka. Kesho yake macho yalikuwa yamevimba mpaka yakafunga, masikio yamekuwa kama maandazi, anapumua kwa kuvuta. Bibi wa Kigoa alituita mafundi wote tumtazame, akakataza mtu yeyote kugeuza macho pembeni. Kisha akasema mwenye kuruka jaribio la ngozi aache funguo mezani aende zake. Tone dogo nyuma ya sikio, siku nzima ya kungoja. Ikiwasha au ikivimba, hakuna rangi, hata kama mteja ni malkia.

Basi nikampaka Leokadia tone nyuma ya sikio, nikamwambia arudi kesho. Akanyong'onyea. Alidhani namkatalia kwa adabu, kwamba na mimi nimesikia maneno yao na naogopa kumgusa. Ilibidi nimshike mikono yote miwili ili aamini. Kesho yake ngozi ilikuwa salama, nikampaka. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, nasema hivyo kwa sababu ni kweli: weusi ulio sawa toka mbele mpaka kisogoni, paji la uso halina doa. Alijitazama kwenye kioo, akajishika shavu kama anayemgusa mtu mwingine. Nikamwonya asitumie sabuni ya mche, inakwangua rangi. Akaondoka na karatasi yake ya nywele ndani ya pindo la kitenge.

Akanitii. Sabuni ya mche hakuigusa. Alitumia kile walichotumia mama zetu wote wa bonde hili: maji ya majivu ya mapumba. Mnachoma mapumba ya mpunga, mnatia majivu kwenye chungu chenye tundu, mnamwagia maji, yanachuruzika maji makali yanayoteleza vidoleni. Tuliyafulia nguo, tuliyapikia mboga ngumu, na kichwa tulikioshea hayohayo. Kwake hiyo haikuwa sabuni. Kwake hayo yalikuwa maji tu. Na ile sabuni niliyomkataza ilikuwa afadhali mara nyingi.

Aliporudi kilemba kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Nilipokifungua nikamgeuzia kichwa kwenye mwanga. Ule weusi niliouringia umekuwa masizi. Hakuna mng'ao hata kidogo, ni weusi wa sufuria. Nilishika unywele mmoja kwa vidole viwili, ukakatika kwa mlio mdogo kama wa bua kavu. Na juu ya sikio la kulia palikuwa na upara mtupu, ukubwa wa sahani ya kikombe.

Mnaona hatari ilipokuwa? Mvi zilikuwa zimesema yeye ni mchawi. Nywele za masizi zikasema anaficha kitu. Sasa zikianguka zote, watasema amekwenda kunyolewa kwa siri, yaani amekiri mwenyewe. Nami ndiye niliyemtoa kwenye hatari ya kwanza na kumweka kwenye ya tatu.

Akanipa na habari nyingine. Desderi na Gaudensia walikuwa wanajiandaa kumbatiza mtoto wao wa mwisho, mchanga aliyezaliwa baada ya misiba, na ukoo wote ungekuwepo. Gaudensia alikuwa ameshaanza kuuliza kwa nini Leokadia halali bila kilemba. Akasema kisimani, mbele ya wanawake wenzake, kwamba siku ya ubatizo kilemba kile kitavuliwa uani, watu wote waone kinachofichwa. Na baada ya ubatizo maji ya mto yangekuwa chini.

Nilimwangalia kwenye kioo. Nilikuwa nimemwogopa utotoni kwa sababu ya Amri Kumi. Sasa nilimwogopea.

Hapa ndipo jibu lenu lilipo, sikilizeni. Mkimshika perege kwenye soko la samaki, mkono ukielekea mkiani, anateleza na anang'aa. Mkono ukielekea kichwani, magamba yanainuka, anakwaruza na anakuwa mweupe mweupe. Unywele una magamba kama perege, madogo tu hayaonekani. Kanta inayainua ili rangi iingie. Maji ya majivu yanayainua na kuyabandua kabisa. Mng'ao siyo mafuta, wasichana. Mafuta mengi yanadanganya, yanashika vumbi na jioni kichwa kimekuwa tope. Mng'ao ni magamba yaliyolala. Kazi yako yote baada ya rangi ni kuyalaza na kuyaacha yalale.

Nilianza kwa kumpunguza. Ncha zilizokufa hazifufuki, hakuna dawa, atakayewauzia ni tapeli. Nilimkata zikawa fupi na sawa kichwa kizima, ule upara ukazungukwa na nywele za urefu mmoja, usionekane kama shimo. Nilipokata alikuwa amefumba macho, anahesabu rozari. Kila nywele ikaenda kwenye karatasi.

Kichwa nilikiosha kwa kiini cha yai badala ya sabuni, maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, maana yai litaiva kichwani na mtacheka peke yenu. Maji yenyewe yawe ya mvua. Maji ya visima vyetu yana kutu, yanageuza rangi nyeusi kuwa ya mkaa mwekundu. Bibi wa Kigoa alisuuzia siki. Siki Ifakara ilikuwa ya mapadri, lakini nchi yetu ni ya mpunga. Nikakaa nikafikiri mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, wala halimo kwenye mtihani wa diploma yangu ingawa lingefaa kuwemo. Nikachukua maji yaliyooshea mchele, nikayafunika kibuyuni mpaka yakachachuka na kutoa harufu ya togwa. Hayo nilimsuuzia mwisho, pamoja na matone ya ndimu. Magamba yakaanza kulala. Baada ya hapo mafuta ya ufuta, yaliyopashwa kidogo, kiasi cha kulowanisha kiganja tu. Chanuo la meno mapana, na unaanzia ncha unarudi kwenye shina. Na kilemba chake cha pamba kilikuwa kinanyonya mafuta yote, hivyo nilimpa kitambaa changu cha hariri, cha Nairobi, kilichonigharimu machozi, akifunge ndani chini ya kilemba.

Alikuja kwa mlango wa nyuma kila alipoweza. Kuna siku hakuja, nikafunga duka nikaenda mpaka njia ya Lipangalala nikijifanya natafuta kuku wa kununua, ili nione tu kama paa lake lipo. Lilikuwepo. Yeye alikuwa anapepeta mpunga peke yake, na watoto wa ua ule walikuwa ndani, mchana kweupe.

Kabla ya ubatizo kukawa na shida ya mwisho. Nywele zilianza kutii, weusi ukaanza kuwa na uhai, lakini chini mvi zilikuwa zinachomoza, mstari mweupe kuzunguka uso. Ilibidi kupaka tena. Nilikaa na pakiti ya kanta mkononi bila kuifungua. Nywele zilizochoka zikipakwa mara ya pili zinaweza kumwagika beseni zima. Nikarudia jaribio la ngozi. Nikalainisha nywele za zamani zote kwa mafuta ya ufuta ili kanta isizishike, nikachovya kijiti kilichofungwa pamba, nikapaka shina tu, mstari kwa mstari, nikaosha kabla ya muda niliofundishwa. Leokadia akaniuliza kwa sauti ndogo kama zinaanguka. Nikamwambia hazianguki, wakati sijathubutu kutazama beseni. Nilipotazama, maji yalikuwa meusi na hakukuwa na kitu kingine. Nikakaa chini sakafuni na diploma yangu juu yangu.

Siku ya ubatizo nilikwenda. Sikualikwa, lakini Bi Cheti alikuwa haulizwi amefuata nini. Tulitoka kanisani tukaenda uani kwa Desderi, wali umeiva, wazee wamekaa kwenye mikeka. Gaudensia alimbeba mtoto wake kifuani, kamshika kwa nguvu kupita kiasi, na nilipomwona vile nikajua na yeye haigizi. Alikuwa amezika wawili. Alikuwa anaogopa kuliko sisi wote.

"Mama mkubwa," akamwita Leokadia, "leo ni siku ya furaha. Mbona umejifunga hivyo? Vua tukuone."

Wazee wakageuka kwenye mikeka yao kumtazama. Leokadia akatua kikapu cha sahani. Akafungua kilemba, akafungua na hariri yangu, akasimama kwenye jua.

Zilikuwa fupi, nyeusi, na ziling'aa. Hazikuwa na mng'ao wa mafuta, maana asubuhi sikumpaka hata tone. Mwanga ulitembea juu ya kichwa chake alipogeuka. Mimi nilikuwa natazama juu ya sikio la kulia. Ulikuwepo ukungu mwembamba wa nywele changa, mwenye kuujua tu ndiye angeuona.

Bibi Veronika, shangazi wa Desderi, mzee kuliko wote pale, alijikongoja akaja akampitisha kiganja kichwani. Akasema, "Hizi nywele za mtu aliyelala usingizi wake wa usiku vizuri. Nipeni wali."

Watu wakacheka, kwa ahueni zaidi kuliko kwa raha. Desderi naye akacheka, akasema kumbe shemeji yake bado msichana. Wali ukapakuliwa.

Ningependa kuwaambia kwamba hofu iliishia hapo. Haikuisha, ilihama. Maji yalipopungua, ule ukoo ulivuka mto vilevile. Walimpeleka Bibi Veronika. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote, na hakuna aliyekuwa amempaka kitu. Alirudi amenyolewa, akaishi miaka kadhaa tena kimya, na kila nilipopita kwake nilimpaka mafuta ya ufuta kwenye ngozi ya kichwa, naye ananiuliza kama kinang'aa. Namwambia kinang'aa, bibi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na haihitaji diploma.

Leokadia hakurudi kuishi ua ule. Alihamia chumba cha nyuma ya duka langu, akawa mkono wangu wa kulia. Kuosha kichwa alijua kuliko mtu yeyote niliyemfundisha, kwa sababu alijua inakuwaje kuinamia beseni ukiwa unangoja nywele zianguke.

Mavuno ya mwaka uliofuata, saa ya jua kali, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Desderi. Alivaa kofia, akasubiri nimwamkie, akaitikia marahaba huku anatazama njia. Alipovua kofia nikaona. Msiba na mwaka mmoja vilikuwa vimemwaga chumvi kichwa kizima. Yule mtoto mchanga alikuwa anaumwa homa, na sasa watu walikuwa wanamhesabia Desderi: wamekufa kwake wawili, wa tatu anaumwa, na shangazi ameshanyolewa, basi ni nani aliyebaki?

"Binti," akasema, "nasikia una dawa. Lakini asijue mtu."

Nilimpaka tone nyuma ya sikio nikamwambia arudi kesho. Alitoka na hofu ileile aliyotoka nayo Leokadia. Msidhani sikufikiria kulipiza. Nilikuwa na siku nzima ya kufikiria, na kibuyu cha maji ya majivu kilikuwa jikoni, cha kufulia nguo. Jioni nilimwambia Leokadia nani anakuja. Alikwenda kufunika kibuyu cha maji yake ya mchele.

Kesho yake Desderi alirudi. Ngozi ilikuwa salama. Nikampunguza nywele, nikampaka, nikasubiri, macho yake hayatoki mlangoni. Ulipofika muda wa kuosha, pazia la nyuma likafunguliwa, akatoka Leokadia na beseni, kichwa wazi, kinang'aa. Desderi akataka kuinuka. Kanta ilikuwa bado kichwani kwake, isingemfikisha hata sokoni.

Leokadia alichovya kidole kwenye maji, akanusa, akaongeza ndimu.

"Inamisha kichwa, shemeji," akasema. "Yasikuingie machoni."

Akainamisha. Alimsuuza polepole, kwa maji ya mchele, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akainama, akakunja karatasi iliyokuwa chini ya kiti na nywele zake zote, akaifunga vizuri na kumwekea kiganjani. Desderi aliishika kwa mikono miwili, hakuifungua kuhakiki, maji yakimchuruzika shingoni.